Kuleta Kuku Wapya Kisiwani Lamu kwa Safari ya Siku Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafuga kuku Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, na kila mwezi haukosi jirani wa kunibishia mlango akiwa na jambo lile lile: anataka kuvuka bara kuleta kuku, aanzie wapi? Nimeyakusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi. Nimejibu kwa mtu anayeishi kisiwani, anayevuka kwa boti hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, akapanda matatu mpaka mji wa Hindi au Mpeketoni, na anayetaka kulala kwake usiku huo huo kuku wote wakiwa hai.

## Kabla hujavuka

Kwa nini niende mpaka bara na kuku wanauzwa hapa hapa mjini?

Kuku anayeuzwa mjini mara nyingi ameshapita mikono mitatu minne. Amelala tenga moja na kuku wa vijiji tofauti, na muuzaji mwenyewe hajui alikochanjwa, au kama alichanjwa. Ukienda kwa mfugaji wa Mpeketoni unaona banda alikotoka, unamwona mama yake, unawaona na wenzake wanaobaki. Mpeketoni ni eneo la wakulima tangu ule mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta wa miaka ya 1970. Mahindi yako karibu, na penye mahindi kuku hawakosekani.

Lakini ukiwa na jirani Shela au Matondoni mwenye kuku wazuri unaowajua tangu vifaranga, nunua kwake. Hakuna safari inayomshinda kuku ambaye hakusafiri.

Siku moja yatosha kweli?

Yatosha ukiondoka mapema. Swali alfajiri, shuka gatini, uwe kwenye boti za kwanza. Kuvuka hadi Mokowe ni kama nusu saa, ikitegemea mashine na maji. Matatu ya Mpeketoni hupitia Hindi, na njiani kuna vizuizi vya polisi, kwa hiyo beba kitambulisho.

Jambo la kupanga kwa makini ni kurudi. Una njia mbili tu nzuri. Ama uwe umemaliza kununua asubuhi na mapema ili kuku wavuke kabla jua halijawa kali, ama uwaache kivulini kwa muuzaji mpaka alasiri ndipo uanze kurudi. Kati ya saa tano na saa tisa mchana usimweke kuku ndani ya gari lililosimama wala kwenye boti isiyo na kivuli. Ijumaa mimi siendi, maana safari inakatika katikati kwa swala na kuku wanabaki kwenye joto wakisubiri.

Nitayarishe nini nyumbani kwanza?

Kila kitu. Siku ya kwenda kuchukua kuku iwe siku ya mwisho ya matayarisho. Wengi huifanya ya kwanza, na huko ndiko kuku wanakofia.

Safari yangu ya kwanza nilileta tembe (mitetea wachanga) kumi na wawili, nikijiambia banda nitalimalizia jioni. Nikafika magharibi nimechoka, nikawachanganya na kuku wangu sita wa zamani chini ya ngazi, kwa usiku mmoja tu. Siku ya tano mmoja akaanza kuharisha kijani na kupinda shingo. Mwezi ulipokwisha nilikuwa nimebaki na kuku wawili kati ya kumi na wanane, na miongoni mwa waliokufa alikuwemo koo mmoja aliyekuwa ameniangulia vifaranga mara nne. Kilikuwa kideri, ugonjwa wa kuku wa kuambukiza uitwao pia Newcastle. Sitasahau nilivyolisafisha banda lile tupu.

Kwa hiyo kabla hujavuka, hakikisha una sehemu mbili zilizotengana: banda lenyewe, na mahali pa kuwatenga wageni (tazama swali la karantini hapa chini). Matandazo yawe yamemwagwa na yamekauka. Takataka za randa kutoka kwa mafundi seremala zafaa sana, na mjini petu mafundi wa milango hawakosekani. Vyombo vya maji viwe vimeoshwa, chakula kiwe ndani, na chakula hicho kiwe kile kile wanachokula kwa muuzaji. Mpigie simu siku mbili kabla umuulize anawalisha nini.

Nakaa nyumba ya mawe, sina shamba. Nina kiwanda tu, ule ua wa ndani ya nyumba. Nifuge wangapi?

Pima kiwanda chako. Kwa kuku wakubwa wasiotoka nje, hesabu wanne kwa kila mita moja ya mraba, na kwa joto la huku usizidishe. Kiwanda cha nyumba zetu kina faida ya kivuli na kasoro ya hewa: kuta ndefu huzuia upepo. Waweke upande unaopata upepo wa bahari, na wape fito za kulalia. Kuna wanaofuga juu darini chini ya makuti, na pale upepo ni mzuri, ila kunguru hupaona pia.

Wafikirie na majirani. Nyumba zetu zimebanana, na harufu ya kinyesi kilicholowa hupita ukuta. Kuku kumi waliofugwa kwa usafi hawamuudhi mtu. Thelathini kwenye kiwanda hicho hicho watakugombanisha na mtaa.

Msimu gani ni mzuri wa kwenda?

Mimi napenda baada ya masika, mvua zikipungua na joto halijarudi. Wakati wa kusi kali bahari huchafuka na maji ya chumvi huwarukia kuku njia nzima. Wakati wa kaskazi joto ni kubwa, basi safari iwe ya alfajiri hasa. Jiepushe na wiki ya kuelekea Idi, Krismasi na Maulidi: bei hupanda, kuku hukusanywa ovyo kutoka kila mahali, na ugonjwa husafiri nao.

Nahitaji kibali?

Sheria ya magonjwa ya wanyama inampa daktari wa mifugo mamlaka ya kusimamia usafirishaji, na ukitokea mlipuko anaweza kuufunga kabisa. Pita ofisi ya mifugo ya kaunti au piga simu kabla ya kwenda, ueleze unakwenda wapi na utaleta wangapi. Simu hiyo hiyo itakuambia kama kuna ugonjwa huko uendako, na hilo peke yake ni sababu tosha ya kuipiga. Muombe muuzaji risiti hata ya kuandika kwa mkono.

## Kwa muuzaji

Ninunue vifaranga, tembe au kuku wanaotaga?

Kwa anayeanza, nasema tembe wa miezi mitatu hadi minne. Wameshapita umri unaoua vifaranga wengi, hawahitaji joto la taa, na bado hawajaanza kutaga, kwa hiyo safari haiwavurugi sana. Kifaranga ni rahisi kwa bei lakini wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, usiku na mchana, na umeme ukikatika usiku wa manane wewe ndiye wa kuamka kuwasha jiko la makaa. Kuku anayetaga tayari huuzwa ghali, na mara nyingi anauzwa kwa sababu mwenyewe ameona kitu. Jiulize kwa nini mtu amuuze mtetea mzuri.

Nitamjuaje kuku mzima?

Kwanza usimguse. Simama mbali na banda dakika kumi uangalie. Kuku mzima hachoki kuchakura. Mgonjwa hujitenga, hujikunyata, mbawa zimelegea, macho nusu yamefumba. Sikiliza pia. Ukisikia kukoroma au kupiga chafya, hata kuku mmoja tu, rudi nyumbani mikono mitupu. Nimewahi kurudi hivyo mara mbili, na nauli ile siijutii.

Kisha mshike. Macho yawe angavu, pua kavu, upanga wa kichwani mwekundu. Papasa kidari: mfupa ukikata kama kisu, kuku amekonda, ana minyoo au ugonjwa. Geuza mkia utazame. Manyoya ya pale yawe safi na makavu, bila kinyesi kilichogandamana. Funua manyoya chini ya mbawa utafute chawa na utitiri. Tazama kando ya macho na kwenye ndevu zake, ndipo viroboto hujikita kama vidoadoa vyeusi. Miguu iwe laini. Magamba yaliyoinuka na kuota kama chokaa ni ukurutu wa miguu, unatibika, lakini usiulipie bei ya kuku mzima.

Umri wa jogoo utauona kwenye kipi, ule mwiba wa mguuni: kifupi na butu ni kijana, kirefu kilichopinda ni mzee. Kama unanunua anayesemekana anataga, weka vidole kati ya mifupa miwili ya nyonga iliyo karibu na tundu la yai. Vikiingia viwili au vitatu, anataga. Kikiingia kimoja kwa shida, hatagi.

Nimuulize nini muuzaji?

Maswali matatu, kwa heshima: “Mama, hawa walichanjwa kideri lini? Nani alichanja? Mwezi huu umekufiwa na wangapi?” Sikiliza jibu la tatu kuliko yote. Mfugaji anayesema hajawahi kufiwa na kuku hata mmoja ama ameanza jana, ama anakuficha.

Kama hawajachanjwa, usivunjike moyo. Lipa arubuni, wachanjwe, rudi baada ya wiki mbili. Chanjo huhitaji muda huo kujenga kinga. Kumchanja kuku asubuhi na kumsafirisha mchana hakumkingi njiani, na kunamwongezea uchovu.

Walioboreshwa, kienyeji halisi, au kuchi?

Ukitaka mayai mengi, kuku walioboreshwa, kama wale wa KALRO (shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo) kule Naivasha au kuroila wenye asili ya India, watakupa mengi kuliko kienyeji. Lakini wengi wao hawaatamii, basi ukitaka vifaranga itakubidi kila mara ununue au uwe na koo wa kienyeji wa kuwalalia mayai. Pia wanakula sana, na chakula cha dukani kinapofika kisiwani kimeshaongezwa nauli ya boti.

Kienyeji hutaga kidogo, hukua taratibu, lakini huatamia, huwalinda vifaranga na huvumilia. Kwa joto letu mtafute kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, au kidimu mwenye manyoya yaliyojikunja. Wote wawili hupoa upesi kuliko wenzao kwa sababu manyoya yao hayawafuniki sawasawa, na siku ya safari utaiona tofauti hiyo kwa macho yako.

Kuchi ni habari nyingine, na hapa naomba niseme kwa moyo. Yule kuku mrefu, shingo juu, miguu kama nguzo, ni wa pwani hii na Lamu inajulikana kwa ajili yake. Hutaga mayai machache, na majogoo yake hupigana mpaka damu. Lakini ana mwili mkubwa, na damu yake ikichanganyika ovyo na ya kuku wa biashara tutampoteza. Ukimpata kuchi safi, hapa kisiwani au kokote, mfuge na jike wa kuchi. Usimfanye kitoweo cha wageni.

Majogoo wangapi?

Mmoja kwa mitetea minane hadi kumi. Ukitaka mayai ya kula tu, huhitaji jogoo hata mmoja.

Naweza kununua kwa wafugaji watatu ili nipate idadi ninayotaka?

Waweza, lakini unaleta nyumbani historia tatu za magonjwa. Afadhali sita kutoka banda moja kuliko kumi na watano kutoka matatu. Kama huna budi, kila kundi na tenga lake, na karantini ihesabiwe kuanzia siku wa mwisho alipoingia.

## Njiani, bara na baharini

Nibebe kwa tenga, katoni au gunia?

Tenga. Hupitisha hewa pande zote, hukalia vizuri kwenye boti, na likilowa hukauka. Liwe fupi kiasi kwamba kuku hawezi kurukaruka, lakini aweze kusimama na kugeuka. Wote walale chini kwa pamoja bila mmoja kumkalia mwenzake. Kama nafasi ni ya kuku wanane, weka saba. Majogoo wawili wasiojuana usiwaweke tenga moja.

Katoni yafaa kwa vifaranga tu, iwe na matundu ubavuni na si juu peke yake, kwa sababu juu patawekwa mzigo. Gunia hapana. Sitalieleza zaidi.

Kuwafunga miguu na kuwaninginiza vichwa chini kuna ubaya gani? Wazee wetu walifanya hivyo.

Kuku hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Ukimning’iniza, utumbo wote hulalia mifuko ya hewa na anapumua kwa shida. Kwa hatua kumi kutoka bandani anavumilia. Kwa saa tatu za njia na joto anaweza kufa mkononi mwako. Isitoshe, sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumbeba mnyama kwa namna ya kumtesa bila sababu. Mshike mbawa zikiwa zimebanwa mwilini, mkono mmoja chini ya kifua. Atatulia.

Wale na wanywe lini?

Wanywe mpaka dakika ya mwisho kabla ya kuingia tengani. Chakula kiwe kidogo tu asubuhi hiyo, maana gole (mfuko wa chakula ulio shingoni) lililojaa humsumbua kuku kwenye mtikisiko na tenga lote linachafuka. Njiani, kila mnaposimama kivulini, wapitishie kikopo cha maji. Vipande vya tikiti maji au tango hufanya kazi nzuri sana: wanapata maji bila kumwagikiwa.

Matatu wanasema watalifunga tenga juu kwenye keria. Nikubali?

Asubuhi mapema, gari likienda bila kusimama, yawezekana, ukifunika upande wa mbele kwa gunia ili upepo usiwapige usoni. Jua likishapanda, usikubali. Keria la bati hutoa joto kutoka chini wakati jua linawapiga kutoka juu. Buti lililofungwa ni baya zaidi, halina hewa kabisa. Lipa nauli ya kiti cha nyuma uweke tenga hapo, au kodisheni gari watu watatu wanne mnaokwenda jambo moja. Zungumza na makanga kabla hujapanda, si baada ya mzigo kupakiwa.

Na kwenye boti?

Tenga likae katikati, chini ya turubai, mbali na mashine. Moshi wa nyuma huwaingia kuku moja kwa moja kwa sababu wako chini, na abiria aliyekaa juu hatauhisi. Weka ubao au kipande cha mti chini ya tenga, maana maji hujikusanya ndani ya boti na kuku hukaa ndani yake njia nzima. Upande unaopigwa na mawimbi ufunike kwa kanga iliyolowa maji matamu, lakini acha pande nyingine wazi.

Mwambie nahodha una kuku kabla hujaingia. Atakuonyesha pa kukaa, na mara nyingi atakusaidia. Mvae maboya, wewe na mtoto wako kama mmekwenda pamoja. Tenga likianguka majini, liache.

Nitajuaje kwamba wanazidiwa na joto?

Kuku hatoki jasho. Mwili wake uko kama nyuzi 41 hata akiwa mzima, na joto likizidi hupoa zaidi kwa kuhema. Akianza kuhema mdomo wazi na kuachanisha mbawa na mwili, hiyo ni onyo. Akilegea shingo, akafumba macho, upanga ukageuka rangi ya zambarau, una dakika chache. Mtoe tengani, mpeleke kivulini penye upepo, mloweshe miguu, upanga na chini ya mbawa kwa maji ya kawaida. Usimzamishe kwenye maji ya barafu. Mpe maji kwa matone kando ya mdomo, usimmiminie kooni.

Kutoka gatini mpaka nyumbani?

Mkokoteni au punda, mradi tenga lisifungwe kwa ubavu. Pita barabara ya ufukweni kuliko vichochoro ukiweza, kuna upepo. Na usisimame kila baraza kuwaonyesha watu kuku wako. Watawaona kesho.

## Nyumbani

Saa ya kwanza nifanye nini?

Maji kwanza, chakula baadaye. Saa ya kwanza wanywe tu, maji matamu yaliyotiwa vitamini kutoka duka la agroveti, au sukari kidogo kama huna. Baada ya hapo tia chakula kiasi. Wahesabu, watazame mmoja mmoja, kisha punguza mwanga uwaache. Watoto wazuie mpaka kesho. Na kila anayewashika aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula, hasa wadogo wanaopenda kuwabusu vifaranga.

Karantini ni lazima? Nyumba yangu ni ndogo.

Ni lazima. Kuku anaweza kuonekana mzima hali amebeba kideri. Dalili huchukua siku mbili mpaka kumi na tano kutokea, mara nyingi tano au sita. Ndiyo maana nasema siku ishirini na moja. Ukishindwa kabisa, wiki mbili, na usishuke hapo.

Kutenga si kuweka waya katikati ya banda. Wageni wakae chumba kingine, au juu darini ikiwa wa zamani wako chini, au kwa ndugu asiyefuga. Vyombo vyao ni vyao. Walishe wa zamani kwanza, wageni mwisho, kila siku bila kubadilisha, na uwe na ndara za kuingilia kwa wageni tu. Ugonjwa hutembea kwa miguu yako kuliko kwa hewa. Wengi huninung’unikia kwamba ni kazi. Ni kazi, kweli. Tazama tena swali la matayarisho uone mimi nilivyolipa kwa kuikwepa.

Tumia wiki hizo kuwapa dawa ya minyoo na kuwamalizia chawa. Majivu makavu kwenye beseni waogee ni dawa nzuri ya kuzuia, ila waliojaa viroboto wanataka dawa ya dukani.

Chanjo zipi, na lini?

Kwa vifaranga: Mareki (ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku) hupigwa siku ya kwanza huko wanakototolewa. Kideri cha kwanza kama siku ya saba, Gumboro (ugonjwa wa virusi unaovunja kinga ya vifaranga) kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne kisha hurudiwa, kideri cha pili wiki ya tatu au ya nne, ndui wiki ya sita hadi ya nane kwa kutoboa ngozi ya bawa, halafu homa ya matumbo baada ya wiki ya nane. Kwa kuku wakubwa, kideri kila miezi mitatu maisha yao yote.

Chupa ndogo huwa ya kuku 50 au 100 na ikishachanganywa lazima itumike ndani ya saa chache. Mwenye kuku wanane atamwaga karibu yote. Kwa hiyo unganeni mtaa mzima, siku moja, chupa moja, iletwe ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Mtaani kwetu tumeanza hivyo, na tangu hapo sijasikia banda lililofagiwa lote.

Walikuwa wanataga kwa muuzaji, kwangu wamegoma.

Ni safari. Wape wiki mbili tatu. Usibadilishe chakula tena, usiwahamishe tena. Mwanga, maji na utulivu vitawarudisha.

Maji ya kisima changu yana chumvi kidogo. Watazoea?

Wakubwa huvumilia kidogo, ila huharisha na matandazo hulowa. Vifaranga hawavumilii, hufa. Wape maji ya mfereji yanayotoka visima vya Shela au maji ya mvua ya jabia, yaani tangi la kuhifadhia maji. Kuku mkubwa hunywa kama robo lita kwa siku, na siku ya joto karibu mara mbili ya hiyo, kwa hiyo kuku kumi ni ndoo ndogo tu.

Wa zamani wanawapiga wageni.

Baada ya karantini, waonane kwa wavu siku tatu nne, kisha waingize wageni usiku wakiwa wamelala. Weka vyombo viwili vya chakula, mbalimbali. Kudonoana kutakuwepo siku chache. Damu ikitoka, mtoe anayepigwa.

Kunguru na paka?

Paka wa Lamu humshinda kifaranga, mara chache tembe. Kunguru ndiye adui. Hawi peke yake, na huzoea saa zako za kutoka. Mpaka vifaranga wafike wiki sita, wavu juu, bila pengo. Usitegemee sanamu wala nguo zinazopepea. Siku mbili kunguru ameshaelewa.

## Mambo ya nadra

Mmoja amefia njiani. Nifanyeje?

Mtoe tengani mara moja, usimtupe baharini wala vichakani. Mfunge kwenye mfuko, uende naye. Kama alikufa kwa joto utakuwa uliona dalili. Kama hukuona, mwite ofisa wa mifugo amtazame, na karantini uianze upya kwa ukali. Ambaye hakuchinjwa akiwa hai haliwi.

Nimefika Mokowe jioni, boti zimekwisha au bahari imechafuka.

Usilazimishe kuvuka na mzigo hai gizani. Tafuta pa kulala, waepushe kuku na jua na upepo mkali, wape maji, tenga lisibanwe na mizigo. Usiku mmoja tengani hawafi, mradi wana hewa na maji. Mpigie aliye nyumbani asikungoje.

Nataka vifaranga wa siku moja kutoka Malindi au Mombasa.

Tangu barabara ya Garsen hadi Lamu itiwe lami inawezekana, lakini hii si safari ya siku moja tena kwa wengi. Malindi peke yake ni zaidi ya kilomita 200. Kifaranga huanguliwa na akiba ya kiini tumboni, inamtosha siku mbili hivi, na saa huhesabiwa tangu alipoanguliwa. Muulize mtotoleshaji saa hiyo. Bruda, yaani kizimba cha kuwatia vifaranga joto, iwe imewashwa kabla hawajafika, na kila mmoja umchovye mdomo kwenye maji ukimtoa.

Mayai ya kuatamia badala ya kuku?

Napenda njia hii. Hayahemi, hayaleti chawa, na koo wako mwenyewe atayalea. Chukua mayai ya chini ya siku saba, safi bila kuoshwa, yapange ncha nyembamba chini ndani ya randa. Ukifika, yapumzishe nusu siku au usiku mzima kabla ya kumwekea koo. Kumi hadi kumi na mawili yamtosha. Siku ya ishirini na moja utasikia.

Na bata?

Bata wa kawaida wa pwani huatamia siku 35, ni wagumu na wanafaa Lamu. Ila wanaweza kubeba kideri bila kuugua, na hulowesha kila kitu. Usiwasafirishe tenga moja na kuku, usiwafuge banda moja.

Wamekufa watatu ndani ya karantini. Niwachinje waliobaki?

Usichinje, usiuze, usigawe. Mwite ofisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Maiti zichomwe au zizikwe kwa kina, na chokaa juu. Wajulishe majirani wanaofuga, hata kama unaona haya, kisha mpigie muuzaji wa bara umwambie: huenda na yeye ameanza kufiwa, na bado kuna mtu mwingine njiani kwenda kwake na tenga tupu.